Uchache Si Udhuru

Ndugu zangu, kila nikitaja darasa la Kiswahili huambiwa, "Mwalimu, watoto wetu hapa ni wachache mno." Udhuru huo siukubali.

Itazameni Kautokeino, kaskazini ya mbali ya Norwe (baridi ya huko, hii yetu ya Uingereza ni kipupwe tu). Kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini humo, kilomita za mraba 9,700 hivi; Unguja na Pemba zingeingia mara tatu na nafasi ikabaki. Wakazi hawatimii 3,000. Wengi ni Wasami, na Kisami ndicho lugha ya nyumbani na darasani. Nao walionyimwa: kwa miaka mingi shule za serikali ziliwakataza watoto lugha ya mama zao. Leo chuo chao cha juu, kilichoanzishwa mwaka 1989, kipo papo hapo, na walimu husomeshwa kwa Kisami.

Mtasema wao wako kwao, wana ardhi na sheria. Kweli. Sisi tuna sebule. Nipeni moja, Jumamosi saa mbili tu, na watoto sita. Ujira sitaki.

Mwalimu mstaafu