Afya ya Jamaa: Mafua Yasiyoisha



Juzi kwenye bomba la maji mama mmoja alinishika mkono. "Docta," akasema (wengi mnaniita hivyo, lakini mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji tu), "huyu mtoto mafua yake haiishe. Kila asubuhi ni chafya, na macho inamuwasha. Walimupima malaria, hakuna. Nimeshamununulia kapsuli ku soko mara tatu."

Kapsuli zile ni antibiotiki, dawa ya kuua bakteria. Mtoto huyu anaonekana ana aleji, na aleji haina bakteria wa kuua. Pesa ya sabuni na mboga imekwenda bure.

Mafua ya kawaida huisha kwa wiki moja au mbili. Ya aleji hayana homa. Kamasi ni maji matupu, pua inawasha, chafya zinafuatana, na yanarudi kila mtu akikutana na kitu ambacho mwili wake unakikataa. Hayaambukizi, kwa hiyo mtoto asitengwe na wenzake.

Kitu chenyewe ni nini? Hapa Nakivale tunalaumu vumbi la barabara, hasa kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 8. Kweli linachokoza pua, na moshi wa jiko pia. Lakini mara nyingi adui analala na mtoto. Kuna vidudu vya vumbi, vidogo hata jicho halivioni, vinaishi ndani ya godoro, mto na blanketi, vinakula magamba ya ngozi yetu. Kinachosumbua hasa ni kinyesi chao. Ndiyo maana wengi huamka na chafya.

Nikamuuliza mama: blanketi limefuliwa lini? Akacheka. Nami nikacheka, maana langu halikuwa na hali nzuri zaidi.

Vidudu hivyo hufa kwa maji ya moto sana, na kuni tunajua bei yake. Basi anza na kile kitambaa ambacho mtoto analalia kichwa, kila wiki. Vingine vifue hata kwa maji baridi, uchafu mwingi utatoka, kisha anika juani mpaka vikauke kabisa. Kung'uta mbali na nyumba, mtoto asiwe karibu. Ukifagia, nyunyiza maji kwanza.

Wengine wanasumbuliwa na mende, manyoya ya paka, chavua ya majani, au ukungu unaoota chini ya shitingi wakati wa mvua. Angalia mtoto anapiga chafya wapi na saa ngapi, utajua.

Kitu kimoja kisingoje: kifua kikipiga filimbi, au mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, peleka kituo cha afya usiku huo huo. Aleji ya pua na pumu mara nyingi hutembea pamoja.

Na yule mama tumepatana: kufua Jumamosi, kuanika blanketi kila jua likiwaka, kapsuli basi. Nitapita kumuona mtoto kabla ya gazeti lijalo.