Usimlaumu Ng'ombe, Tazama Hori



Liko neno lisemwalo sana vijijini, nami nataka kulipinga. Mtu anunua ng'ombe wa kisasa kwa fedha nyingi. Akiisha kuzaa, ng'ombe ampa maziwa tele kwa muda, kisha maziwa yapungua, mbavu zaonekana, na mwenyewe anung'unika: "Nimedanganywa, huyu si wa mbegu njema." Mwingine asema ametiwa jicho. Basi amwuza, anunua wa pili, na wa pili naye awa vile vile. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mimi nasema kosa si la ng'ombe wala si la jicho la jirani. Kosa limo horini.

Tazameni miteremko ya Kilimanjaro, ambako ng'ombe wengi hulishwa zizini. Mara nyingi horini mna vipande vya shina la mgomba na majani makavu yaliyoletwa kutoka tambarare. Tumbo la ng'ombe limejaa, walakini ana njaa. Katika shina la mgomba, zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 ni maji. Na majani yaliyokomaa hata kukauka yamekwisha kupungukiwa na protini, yaani kile kijengacho nyama na maziwa.

Katika tumbo kubwa la ng'ombe vimo vijidudu visivyohesabika, navyo ndivyo vimeng'enyavyo majani. Hivyo navyo vyataka kula. Protini isipofika sehemu 7 hivi katika kila 100 za chakula kikavu, vijidudu hudhoofika, majani hukawia tumboni, na ng'ombe hawezi kula zaidi.

Sasa tufanye hesabu. Kila lita ya maziwa ina gramu 30 na zaidi za protini. Ng'ombe atoaye lita 10 kwa siku hutoa gramu 300 na zaidi. Zitoke wapi, ikiwa horini hazimo? Kwanza huzitoa katika mwili wake mwenyewe, ndiyo maana mwanzoni maziwa huwa mengi. Akiisha kukonda, maziwa hupungua.

Wako watakaojibu, "Mashudu ni ghali, hayo ni mambo ya matajiri." Jibu hili halitoshi. Matete ya malisho yakikatwa yangali machanga, yakiwa na urefu wa mita moja hivi, yana protini nyingi kuliko yaliyoachwa yampite mtu kichwa. Na kuwahi kukata hakununuliwi. Tena, katika miaka ya 1990 huko Embu, Kenya, majaribio yalionyesha ya kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zafanya kazi sawa na kilo 1 ya chakula cha ng'ombe kinunuliwacho dukani. Miti 500 hivi yatosha ng'ombe mmoja kwa mwaka, nayo hupandwa mipakani na kwenye kingo za matuta.

Wala sisemi mtu amwage mashudu bila kipimo. Kwa ng'ombe wa lita 15 hata 20 kwa siku, sehemu 16 hivi za protini katika kila 100 za chakula kikavu zatosha, maadamu apata pia chakula cha kumtia nguvu, kama pumba za mahindi. Protini ikizidi hugeuka amonia tumboni, ini huigeuza urea, nayo hutoka katika mkojo. Mtu huyo amenunua mashudu ili aloweshe sakafu ya zizi.

Neno la mwisho lawahusu wanaume wenzangu. Ni nani aendaye tambarare, akapanda mlima na mzigo wa majani kichwani? Mara nyingi ni mwanamke. Amechoka shingo na mgongo kwa ajili ya majani yasiyo na maziwa ndani yake, na jioni mtoto anywa chai ya rangi. Mume asemaye kupanda malisho ni kazi bure hajapata kuhesabu kazi ya mkewe.

Basi, kabla ya kumwita dalali, shika jembe, upande malisho mpakani mwa kihamba chako. Mlishe kwanza ng'ombe uliye naye, ndipo umhukumu.