Kipimo Nacho Kipimwe: Barua ya Wazi kwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama

Ndugu Meneja wa Mpango,

Nakuandikia kuhusu damu inayopimwa usiku katika hospitali za wilaya zetu mbili, Mbulu na Hanang, ile ambayo haikupitia kituo cha kanda, Moshi.

Utaratibu wenu naufahamu na nauheshimu. Damu ya wachangiaji wa hiari hukusanywa, hupelekwa kituo cha kanda, hupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, ndipo irudishwe hospitalini. Lakini kutoka Moshi hadi Haydom, wilayani Mbulu, au Katesh, wilayani Hanang, ni mbali, na barabara za huku wakati wa masika mnazijua. Shule za sekondari zikifungwa, Juni na Desemba, wachangiaji wetu wakubwa hutawanyika makwao. Basi mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, saa nane usiku, na jokofu halina damu ya kundi lake, huitwa kaka yake au shemeji. Anatolewa damu, na mtaalamu wa maabara aliye zamu peke yake anaipima palepale kwa vipimo vya haraka. Muda mfupi baadaye mama yule anaongezewa.

Siombi jambo hilo likomeshwe. Likikomeshwa leo, kesho tutazika. Naomba kipimo kile cha usiku kikaguliwe kwa ukaribu kuliko kingine chochote, kwa sababu hakuna mtu wa pili wa kukisahihisha.

Kile kikaratasi cha kupimia kina mstari wa uthibitisho. Ukijitokeza, tunaambiwa kipimo kimefanya kazi. Ukweli ni kwamba mstari huo unathibitisha tu kuwa damu na dawa vimetembea kwenye karatasi inavyotakiwa. Hauthibitishi kwamba maambukizi hafifu yangeonekana. Vipimo vingi vya aina hii hutakiwa kutunzwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Boksi lililosafirishwa juu ya basi, likaachwa stoo kiangazi chote, linaweza kuendelea kuonyesha mstari wa uthibitisho huku nguvu yake ya kugundua maambukizi imepungua. Majibu yaliyosomwa kabla ya dakika zake nayo hudanganya. Njia mojawapo ya kugundua haya ni kupima mara kwa mara sampuli ambayo tayari inajulikana ina maambukizi, hasa yaliyo hafifu, pamoja na nyingine inayojulikana haina. Hospitali ikipewa vipimo bila sampuli hizo, imepewa nusu ya kazi.

Jirani zetu Kenya walilipia somo hili. Uchunguzi uliofanyika mwaka 1994 katika hospitali sita, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet, ulikadiria kuwa damu 2 katika kila 100 walizoongezewa wagonjwa zilipitisha VVU. Na damu ile ilikuwa imepimwa! Sababu zilizotajwa ni za kawaida mno, nazo ndizo zinazonitisha: majokofu yasiyotegemeka, mashine kuharibika, makosa ya kuandika majibu, na kukosekana kwa mpango wa kudhibiti ubora.

Kwetu pia mzigo unajulikana. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walipochunguzwa wachangiaji 1,599 kati ya mwaka 2004 na 2005, karibu 9 katika kila 10 walikuwa ndugu walioitwa kufidia damu ya mgonjwa. VVU ilikutwa kwa asilimia 3.8, kaswende asilimia 4.7, na homa ya ini B asilimia 8.8. Ni miaka mingi imepita, na vijana wengi waliozaliwa baada ya chanjo ya homa ya ini B kuanza kutolewa kwa watoto mwaka 2002 wana kinga ambayo baba zao hawakuipata. Lakini anayeitwa usiku mara nyingi ni yule baba. Tena ameitwa mbele ya ukoo mzima, wakwe wakimwangalia. Maswali ya siri anayoulizwa mchangiaji kuhusu maisha yake atayajibuje kwa uhuru? Mahojiano yanapokosa nguvu, kipimo ndicho kinachobaki kumlinda mgonjwa.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, ombi langu kubwa ni hili. Kila hospitali na kituo cha afya kinachopima damu ya kuongezea wagonjwa katika wilaya hizi kiletewe kutoka kanda, kila robo mwaka, sampuli zisizo na majina, ambazo majibu yake mnayajua ninyi tu. Zipimwe na mtu wa zamu ya usiku kwa vipimo vilevile anavyotumia kila siku. Matokeo yarudi haraka, tena yasomwe kwenye timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri, yasiishie kwenye faili. Aliyekosea asiandikiwe barua ya onyo. Atumiwe mwenzake wakae wapime pamoja, waangalie kipimajoto cha stoo, waangalie saa, waangalie daftari. Mtu akiogopa adhabu ataficha kosa, na kosa lililofichwa huishia kwenye mshipa wa mgonjwa.

Pia sehemu ndogo ya damu ya kila mchangiaji wa dharura itunzwe na ipelekwe Moshi kurudiwa, hata kama mgonjwa ameshaongezewa. Ikikutwa na maambukizi, mgonjwa atafutwe, aelezwe na atibiwe. Kaswende inapona. VVU na homa ya ini B zina dawa za kuzidhibiti, na anayewahi kujulikana hupata nafasi kubwa zaidi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilipoifunika Katesh, majeruhi walifikishwa hospitali kwa makundi. Siku ya namna ile hakuna anayepata nafasi ya kujiuliza kama boksi la vipimo liliungua na jua mwezi uliopita. Jibu linatakiwa liwepo tayari.

Naomba sampuli za kwanza zifike Mbulu na Hanang kabla shule hazijafungwa Desemba hii.

Wako,
Mchangiaji damu wa hiari,
Mbulu, Manyara