Umri wa Mimba Usiwe wa Kubahatisha

Wapo miongoni mwetu, hasa katika ofisi za umma, wanaokiona kipimo cha altrasaundi katika mimba changa kuwa anasa ya wanawake wa mjini wanaotaka kujua jinsia ya mtoto. Fikra hiyo ni potofu, na gharama yake hulipwa na akina mama wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Chiwanda, na wenzao wa milima ya Umatengo.

Kipimo hicho hujibu maswali matatu ambayo mkono wa mkunga, hata awe hodari kiasi gani, hauwezi kuyajibu katika majuma ya mwanzo: mimba imetunga wapi, ina umri gani, na watoto ni wangapi. Mimba iliyotunga katika mrija inaweza kuupasua na kumuua mama kwa damu inayovujia tumboni, hata kabla hajaanza kliniki. Umri wa mimba uliokisiwa vibaya nao ni hatari: mtoto njiti huhesabiwa kuwa ametimia, na aliyepitiliza hudhaniwa bado. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya majuma 24. Halikusema kila mjamzito wa mjini.

Tuna haki ya kujivunia kwamba vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Lakini wastani wa taifa haumpimi mtu tumbo. Mama wa kijijini huanzia zahanati, ilhali altrasaundi humsubiri kituo cha afya au hospitali. Sera ya Afya ya 2007 inamwahidi huduma bila malipo. Nauli ya bodaboda na siku iliyopotea katika shamba la kahawa hazimo katika ahadi hiyo.

Tutaambiwa kwamba wataalamu hawatoshi. Basi wafundishwe wakunga waliopo kujibu maswali hayo matatu, na mashine ndogo zisafiri pamoja na huduma za mkoba. Rufaa nayo iwe ya uhakika, kwani kugundua hatari bila gari wala chumba cha upasuaji ni kumtangazia mama msiba wake mwenyewe.

Madiwani wa Mbinga na Nyasa, nanyi maofisa mnaoandaa bajeti za halmashauri: fungu hili liko wapi katika vitabu vyenu? Kama halimo, semeni wazi ni nini mlichokiona kuwa bora kuliko uhai wa mama.