MASHAURI KWA WENYE MAGARI: Mipira Midogo Ichukuayo Mzigo Mkubwa

Wakulima wengi wangali wakichukua majani ya chai, maziwa na mbolea kwa pikapu za zamani, kama vile Toyota Hilux zilizotengenezwa katika miaka ya 1980. Injini yaweza kuwa nzima, lakini gari hugonga kila lipitapo shimoni, na milango haifungi sawasawa. Mwenyewe husema, "Gari limezeeka," akanyamaza. Mara nyingi ugonjwa umo katika mipira, nayo hubadilishwa.

Gari la namna hii lina chasisi ya chuma, na kabini imewekwa juu yake. Kati ya hivyo viwili pana mipira minene iliyopitishwa boliti. Tena, mahali ambapo springi na mikono ya magurudumu hushikana na chasisi pana mipira mingine iliyo ndani ya bomba la chuma, nayo mafundi huiita bushi. Kazi ya yote ni kuzuia chuma kisisuguane na chuma. Joto, oili na uzito wa miaka mingi huipasua na kuibonyeza.

Dalili zake si ngumu. Tazama nafasi iliyo kati ya kabini na sehemu ya mizigo. Ikiwa juu ni pana na chini ni nyembamba, au kinyume chake, huenda mipira ya kabini imebonyea. Tairi zikilika upande mmoja, au gari likiyumba njiani, zichunguze bushi. Asiyejali atanunua tairi mpya, nazo zitalika vilevile. Mwishowe boliti itapanua tundu lake katika chasisi, na hapo kazi ni ya fundi wa kuchomelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Siku moja kabla ya kazi, boliti zenye kutu zitiwe mafuta ya kulegeza. Gari liegemezwe juu ya vihimili vya chuma vilivyo imara. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Ili kubadili mipira ya kabini, ondoa boliti za upande mmoja na ulegeze tu zile za upande wa pili. Weka ubao mpana juu ya jeki, kisha inua kabini kidogo kidogo, huku ukiangalia mabomba ya breki, nyaya, mhimili wa usukani na feni ya rejeta, visije vikavutwa au kuvunjika. Badilisha mipira yote pamoja, kwani mpya ukikaa kando ya mkuukuu kabini itakaa upande.

Kuhusu bushi za mpira, liko kosa moja lifanywalo sana: kuzikaza kabisa magurudumu yakiwa yananing'inia. Bushi hizi hazizunguki kama beringi. Boliti ikikazwa, bomba la ndani hushikwa, na mpira wenyewe ndio ujipindao gurudumu lipandapo na kushuka. Basi ikikazwa gari likiwa juu, gari litakaposhushwa mpira utabaki umesokotwa, hata gari likisimama, nao utapasuka kabla ya wakati wake. Fedha ya mkulima imepotea, na lawama itatupiwa duka la vipuri.

Njia iliyo sawa ni kukaza kidogo tu, kushusha gari lisimame kwa uzito wake, kisha kukaza kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Bushi ikiwa ngumu kuingia, itieni maji ya sabuni, wala si oili wala grisi ya kawaida, kwa kuwa hivyo hula mpira. Baadaye magurudumu yapimwe yaelekee sawa, na baada ya juma moja boliti zote zijaribiwe tena.

Kwa hiyo, mpelekeapo gari kwa fundi, mwulizeni kwanza: "Boliti za bushi utazikaza gari likiwa juu au likiwa chini?" Akijibu kuwa ni mamoja, tafuteni fundi mwingine.