Baba ana mshipa mkubwa uliopanuka tumboni: je, ni salama kupimwa moyo kwa mazoezi?

Swali hili huulizwa zaidi na akina mama na mabinti wanaowauguza wazazi wao. Baba amepigwa altrasaundi kwa sababu ya tezi dume, karatasi ikarudi na jambo jingine kabisa: mshipa mkubwa wa damu tumboni umepanuka. Baadaye daktari wa moyo anataka apande mashine ya kutembea ili moyo wake upimwe ukiwa kazini. Nyumbani hofu inaanza. Si mshipa utapasuka?

Hofu hiyo ina msingi. Mshipa huo, unaoitwa aota, kwa kawaida una upana wa sm 2 hivi. Ukifika sm 3 huhesabiwa kuwa umepanuka isivyo kawaida. Fikiria tyubu ya baiskeli yenye sehemu iliyolegea: kadiri sehemu hiyo inavyotuna, ndivyo inavyoelemewa zaidi upepo ukiongezwa. Mazoezi hupandisha presha. Na mshipa ukipasuka, watu wapatao 8 kati ya 10 hufariki, ama kabla ya kufika hospitali ama licha ya upasuaji.

Hata hivyo, madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka 1998 matokeo ya wagonjwa 262 waliopimwa kwenye mashine ya kutembea wakiwa na mshipa wa sm 4 au zaidi. Mmoja tu ndiye aliyepasuka mshipa, tena muda wa saa 12 baada ya kipimo. Hatari ipo, lakini ni ndogo kuliko tunavyoiogopa.

Nchini Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Wanaume hualikwa kupigwa altrasaundi ya aota wanapofika miaka 65, na mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2020 unaruhusu kipimo cha mazoezi kabla ya upasuaji wa kupangwa, pale kinapowasaidia mgonjwa na daktari kuamua. Mgonjwa huendesha baiskeli isiyotembea huku akipumua kupitia barakoa, ili ijulikane moyo na mapafu yake yataweza kuhimili upasuaji. Maana yake, wanaopimwa hivyo ndio hasa wenye mishipa mikubwa, kwani upasuaji kwa kawaida hufikiriwa mshipa ukifika sm 5.5. (Wanawake hawamo kwenye mwaliko huo kwa sababu tatizo hili huwapata kwa uchache. Lakini mshipa wa mwanamke huweza kupasuka ukiwa na upana mdogo zaidi, kwa hiyo bibi anayevuta sigara naye asisahaulike.)

Kwa maoni yangu, kinachotakiwa kututia wasiwasi zaidi ni kipimo kufanywa bila wahudumu kujua kwamba mshipa umepanuka. Karatasi ya altrasaundi iko kwenye faili moja, rufaa ya moyo imetoka hospitali nyingine, na mzee mwenyewe anasema tu "nina presha kidogo". Anayeziunganisha karatasi hizo ni wewe. Zibebe zote, umwoneshe muuguzi kabla baba hajavua viatu, na umwambie kwa sentimita mshipa ulikuwa na upana gani na ulipimwa lini. Wakijua, watapima presha mara kwa mara na kusimamisha kipimo mapema ikipanda sana. Kama presha akiwa amekaa tu imezidi 200 kwa 110, kwa kawaida kipimo huahirishwa hadi ishuke. Na kama ana maumivu mapya ya tumbo au mgongo, asipande mashine kabisa hadi daktari amwone. Una haki ya kuuliza kama kuna njia nyingine ya kupima moyo. Ipo, kwa mfano kwa kutumia dawa badala ya kutembea, ingawa haipatikani kila mahali.

Baada ya hapo, usimfungie ndani. Nimeona familia zinazomkatazia mzee hata kwenda msikitini au dukani kwa miguu. Kutembea kwa kawaida kunamfaa, isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Aepuke kubeba ndoo ya maji au gunia huku amebana pumzi, maana hapo presha hupanda ghafla. Choo kigumu nacho hufanya vivyo hivyo, basi mboga, matunda na maji visikosekane. Dawa za presha azinywe kila siku, hata akijisikia mzima. Sigara aiache, kwani ndiyo inayoharibu mshipa huu kuliko kitu kingine anachoweza kukibadilisha.

Akipata maumivu makali ya ghafla tumboni au mgongoni, akatoka jasho la baridi, akapata kizunguzungu au kuzimia, usisubiri siku ya kliniki wala kumpa dawa ya tumbo. Tafuta usafiri saa hiyo hiyo, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na ukifika mlangoni taja mshipa kwanza.