Bahari Isiyo na Daftari

Shangazi yangu ni mkulima wa mwani huko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Siku moja ya bamvua, wakati wa kaskazi, nilifuatana naye shambani. Maji yalikuwa yamekupwa, yapata saa nne asubuhi, jua limekwisha kuwa kali. Yeye kainama, kanga kaifunga kiunoni, anafunga vipande vya mbegu kwa uzi wa taitai kwenye kamba iliyowambwa baina ya vigingi viwili. Mimi nilikuwa na kipimajoto, udadisi wangu tu. Nikakitumbukiza katika maji ya magotini, nikangoja, nikasoma: nyuzi 34. Shangazi akauliza bila ya kuinua kichwa, "Hizo ni nyingi au chache, mwanangu?"

Nikanyamaza. Nyuzi 34 peke yake ni namba yatima. Ili iseme neno inataka ndugu zake: namba ya jana, ya kaskazi iliyopita, ya mwaka aliopanda shangazi kamba yake ya kwanza. Nikauliza kijijini kama yupo mtu aliyeziandika. Walikuwapo wenye kukumbuka tele, na kila mmoja akakumbuka lake.

Ndugu msomaji, hilo si dogo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zilikuwa mbili: mwani mwembamba na mwani mnene. Wenye viwanda hukamua ndani yake karajinani, ute unaotiwa katika dawa ya meno, aiskrimu na maziwa. Mnene ndio wenye bei. Ndio wenye deko pia. Maji yakipata joto kupita kiasi, au mvua za masika zikibadilisha chumvi yake ghafla, mmea hudhoofika, vijidudu huuvamia, tawi hupauka likawa jeupe kama lililochemshwa, kisha hukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akina mama waliona mwani mnene ukiwafia mikononi. Nakumbuka maneno ya siku zile kwetu: huyu alisema maji ya hoteli, yule alisema husuda, wengine wakasema mbegu imechoka. Pangekuwa na daftari la joto la miaka kumi pale dukani kwa sheha, ubishi ule ungalikwisha kabla ya kahawa kupoa.

Wapo waliofuatilia. Dkt. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Zanzibar, alikaa miaka na wakulima hawa, wakajaribu pamoja kuupanda mwani mnene ndani ya nyavu za mirija kwenye maji ya kina, ambako joto halipandi haraka. Jawabu zuri, lakini lina gharama zake: linataka mashua, na wengi wa mama zetu hawakufundishwa kuogelea. 

Lakini si kila mtafiti ana subira hiyo. Shangazi anawakumbuka vijana waliokuja na chupa na fomu. Walijaza chupa, wakajaza fomu, wakamuuliza ana watoto wangapi, wakaahidi kurudi na majibu. Hawakurudi. Sitataja walikotoka. Huenda majibu yamo katika jarida zuri la lugha ya kigeni, na huenda yanamhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Anachojua shangazi ni kwamba maji yake yaliondoka katika chupa.

Nisieleweke kwamba nadharau elimu ya mbali. Baina ya 1959 na 1965 meli zaidi ya 40 za mataifa mbalimbali ziliipima Bahari ya Hindi, kwani miongoni mwa bahari kubwa ndiyo iliyojulikana kidogo kuliko zote. Manahodha wetu walikuwa wakijua zamani kwamba jahazi huja na kaskazi na kurudi na kusi. Vipimo vikaonyesha yanayotendeka chini ya jahazi: mkondo wa Somalia hugeuka pamoja na upepo, na kusi ikivuma huyasukuma maji ya juu mbali na pwani ile, maji baridi yakapanda kutoka chini na rutuba yake, na samaki wakafuata chakula. Elimu ya nahodha na ya mtaalamu ni ndugu wa tumbo moja. Kosa letu ni kuwaweka nyumba mbalimbali.

Sasa tazama jambo lisiloonekana hata na nahodha: asidi majini. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa chenyewe ni matumbawe yaliyochomwa tanurini. Chukua kauri, nalo ni gamba la chokaa, uikamulie ndimu: utaona povu. Asidi inaila. Hewa ya ukaa tunayoitoa kwa magari na viwanda, takriban robo yake humezwa na bahari, na ikikutana na maji huzaa asidi. Bahari haijawa ndimu, wala haikaribii. Bado iko upande wa magadi. Lakini tangu viwanda vianze, kipimo chake cha pH, ambacho hushuka asidi ikizidi, kimeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1, na kwa hesabu ya kipimo hicho, tofauti hiyo ndogo ni ongezeko la asidi la karibu asilimia 30. Asidi hiyo hupunguza karboneti, ambayo tumbawe na chaza hujengea nyumba zao. Hakuna mvuvi, hata awe bingwa namna gani, awezaye kuionja tofauti hiyo ya sehemu moja ya kumi.

Tumejuaje kwamba hewa hiyo ya ukaa inazidi? Kwa watu waliovumilia kazi ya kuchosha. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kuipima hewa juu ya mlima Mauna Loa, huko Hawaii. Akakuta sehemu 315 za hewa ya ukaa katika kila milioni. Leo zimepita 420. Mwaka 1964 fedha zilikatwa, vipimo vikasimama kwa muda, na pengo lile limo katika mchoro wake hadi leo. Huku kwetu, joto la El Niño lilipopausha na kuua matumbawe mengi mwaka 1998, waliokuwa wakiyahesabu katika miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 waliweza kusema kwa tarakimu nini kimepotea. Kwingineko watu walishika tama.

Mtu ataniambia, njaa haingoji vipimo, na mvuvi anaijua bahari yake. La pili nalikubali nusu. Mvuvi anajua mahali na wakati kuliko daktari yeyote wa chuo. Lakini kumbukumbu hukuza: muulize mzee yeyote ukubwa wa changu wa ujanani mwake, utazame mikono yake inavyotanuka. Na hilo la njaa, ni nani aliyeshinda na njaa mwani uliponyauka bila ya mtu kujua sababu?

Kwa hiyo nawasihi walimu wa skuli za pwani, kamati za wavuvi na nyinyi vijana mnaoshinda barazani. Mtafiti akija, mkaribisheni, mpeni dafu, na mwulizeni kabla hajajaza chupa atarudi siku gani, na atasema kwa lugha ipi. Na msimngoje yeye. Nunueni kipimajoto cha maji na daftari gumu. Chagueni mahali pamoja, shimo moja la maji penye kigingi kisichong'olewa. Kila bamvua, maji yakikupwa kabisa, mtu ashuke, akishike kipimajoto katika kivuli cha mwili wake, chini ya uso wa maji, ahesabu hadi mia, asome kikiwa bado majini. Aandike tarehe, saa, nyuzi, upepo ni kaskazi au kusi, jana ilinyesha au haikunyesha, na mwani ukoje. Asipokwenda, aandike kwamba hakwenda, asibuni.

Ukurasa wa kwanza Paje umekwisha kuandikwa. Una mstari mmoja, nyuzi 34, na pembeni shangazi ameniambia niandike: mwani mwembamba mzima, mnene haupo.